Fukusi wa Viazi Vitamu: Mtambue Kabla ya Kugawana Mashina

Majani yamefunika matuta vizuri, lakini siku ya kuchimba unakuta viazi vina mashimo, na ukipika vina uchungu ambao hata mtoto mwenye njaa anakataa. Mmoja atasema udongo umechoka, mwingine atasema ni mvua. Hapa kwetu, kutoka Bungoma mpaka Suam, mara nyingi mwenye kosa ni fukusi. Lakini ni fukusi yupi? Wako wawili, na njia ya kumzuia mmoja si njia ya kumzuia mwenzake.

Tuanze na yule mbaya zaidi. Wataalamu humwita Cylas puncticollis. Fukusi wa mahindi nyote mnamjua, yule wa gunia. Huyu ni jamaa yake, ila yeye ni mrefu zaidi, karibu urefu wa punje ya mchele, mweusi, tena mwembamba shingoni na kiunoni hata ukimwona kwa haraka utasema ni siafu. Angalia kichwa: mbele ana mdomo mrefu kama mkonga mdogo. Ukimgusa anajiangusha chini na kujifanya amekufa. Subiri kidogo, utamwona akienda zake. Ana ndugu yake mdogo, Cylas brunneus, mwenye rangi ya kahawia, na kazi yao ni moja. Pwani yuko mwingine tena mwenye kifua chekundu. Huyo amesafiri sana, maana huko Marekani alionekana New Orleans mwaka wa 1875.

Akiwa mkubwa hula majani na ngozi ya mashina, lakini hiyo si hasara kubwa. (Ukiona njia nyembamba zimechorwa ndani ya jani lenyewe, hiyo ni kazi ya kiwavi wa nondo. Tusimsingizie fukusi.) Hasara inaanza wakati wa kutaga. Jike hutoboa kishimo kwenye shina karibu na udongo, ama kwenye kiazi kilicho wazi, hutia yai moja, kisha huziba kwa kinyesi chake. Kwa hiyo yai hulioni. Unaona kidoa cheusi tu. Funza akitoka ni mweupe, hana miguu, na hutafuna akielekea ndani huku akijaza uchafu nyuma yake. Kiazi nacho hujitetea kwa kutengeneza kitu kichungu, ndiyo sababu hata funza wachache wanatosha kuharibu ladha. Kupulizia dawa juu ya majani hakumfikii mdudu aliye ndani, ni kupoteza pesa ya kikundi.

Penye joto, kutoka yai hadi fukusi mzima ni kama mwezi mmoja. Huku juu penye baridi ya Mlima Elgon huchukua muda zaidi, lakini viazi navyo hukaa udongoni muda zaidi, basi nafuu yetu si kubwa.

Fukusi wa pili ni Blosyrus. Huyu hafanani na siafu hata kidogo. Ni mnene, mgongo wake umejaa vinundu, na rangi yake ni ya udongo kabisa. Unaweza kumshika ukidhani ni kidonge cha tope. Mchana hujificha chini ya majani, na hukata kingo za majani hayo. Funza wake hukaa udongoni, nje ya kiazi, na kuchora mifereji juu ya ngozi. Kiazi kama hicho sokoni wanakikataa, lakini ukimenya ngozi nene kinalika. Kwa hiyo usitupe debe zima kwa sababu ya mifereji ya juu tu. Kata kimoja kwanza, uone ndani.

Kama bado una shaka, pasua shina la chini kwa urefu. Ukikuta funza mweupe na njia yenye uchafu, mshuku Cylas. Ama weka kiazi chenye mashimo ndani ya kopo, funga mdomo kwa kitambaa chepesi, weka kivulini, na uangalie kila juma. Atakayetoka atajieleza mwenyewe, na kikundi kizima kitamjua.

Ukishajua ni Cylas, kumbuka udhaifu wake: hawezi kuchimba. Kiazi anakifikia kupitia nyufa za udongo, hasa wakati wa kiangazi cha Desemba hadi Februari. Pandisha udongo kwenye matuta wakati wa palizi, na uzibe nyufa kila zinapotokea. Mama anayechimba viazi vichache vya jioni afunike shimo kabla ya kuondoka. Vilivyokomaa visikae ardhini mwezi baada ya mwezi. Tunajua shamba ndilo ghala letu, lakini ni ghala lisilo na mlango. Usirudie viazi mahali pamoja msimu unaofuata, wala usipande kando ya shamba la zamani. Sisimizi waacheni, kwa maana humla fukusi. Wakulima wa Kuba hata huwahamishia shambani ndani ya vipande vya migomba.

Halafu yako mambo ya vikundi vyenyewe. Tunapenda kugawana mashina, na ni vizuri. Lakini fukusi hutaga zaidi kwenye sehemu ya shina iliyokomaa, karibu na ardhi. Mkikata sehemu hiyo mnagawana mayai. Kateni ncha changa, kama sentimita 30, kutoka shamba ambalo mmelikagua kwa kupasua mashina machache.

Baada ya kuvuna, okota viazi vyote vilivyobaki na mashina ya zamani. Vile vilivyooza ama kuota ukungu visipewe ng'ombe, kwa sababu vinaweza kuwa na sumu inayoharibu mapafu, na ng'ombe hufa akihema kwa shida. Vichomeni, ama mvifukie katika shimo refu mbali na shamba.