Fahamu: Utamaduni, mtazamo wa ulimwengu na kaida katika jamii ya Wakurya

Utamaduni ni jumla ya maarifa, imani, sanaa, sheria na desturi ambazo mtu hujifunza akiwa mwanajamii. Ndivyo mwanaanthropolojia wa Uingereza, Edward Tylor, alivyoueleza mwaka 1871. Mtu hazaliwi nao, hulelewa ndani yake.

Mtazamo wa ulimwengu ni namna jamii inavyoelewa maisha, kifo na nafasi ya binadamu. Kwa Wakurya wa Tarime na Serengeti nchini Tanzania, wakiwemo wa Kerende, eneo la Nyamongo, ukoo huwaunganisha waliokufa, walio hai na watakaozaliwa. Nyumba isiyo na mrithi huonekana imezimika.

Kaida ni kanuni za mwenendo zinazotokana na mtazamo huo. Mfano ni nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari ya ng'ombe na kumuoa mwanamke mwingine. Hawaishi kama wapenzi. Watoto ambao mwanamke aliyeolewa huzaa na mwanamume huhesabiwa kuwa wa nyumba ya aliyetoa mahari, na hurithi mali yake.

Kaida husimamiwa na wazee wa mila, lakini hubadilika. Ukeketaji, uliohesabiwa kuwa njia ya msichana kuingia utu uzima, ni kosa la jinai kwa aliye chini ya miaka 18 tangu sheria ya Tanzania ya mwaka 1998. Wasichana wanaoukimbia hupokelewa katika nyumba salama, kama iliyopo Mugumu, wilayani Serengeti. Kuelewa chanzo cha mila si kuhalalisha madhara yake. Ni hatua ya kwanza ya kuyaondoa.