Chakula Bora Hadi Mwisho wa Mwezi

Tarehe 20 ikifika, nyumba nyingi hubaki na ugali na sukuma peke yake. Si lazima iwe hivyo.

Shida kubwa ni kununua kidogo kidogo. Maharagwe ya kupimiwa kwa kikombe huishia kuwa ghali kuliko gorogoro moja ya sokoni, ambayo ni kama kilo 2. Lakini pesa ya gorogoro haipatikani kwa siku moja. Ndiyo maana tunakushauri uweke 50 bob kila jioni kwenye akiba ya simu, mbali na pesa ya matumizi. Siku 7 ni 350.

Ukienda soko, anza na hizi:

- Ndengu ama maharagwe: maharagwe loweka usiku kucha, yataiva haraka na utaokoa makaa au gesi.
- Omena: ina protini na kalsiamu, na watoto wanaihitaji.
- Managu, kunde au terere: usichemshe sana, vitamini hupotea.
- Matunda ya msimu badala ya soda.

Mwisho wa mwezi, fungua taarifa ya malipo yako. Jumlisha soda, mandazi na chipsi. Hiyo pesa ingenunua trei ngapi za mayai?