Kamshafti Mpya, Vali Zilizopinda: Jinsi ya Kutambua Dosari Kabla ya Kufungua Injini

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, si kila injini inayotetemeka huwa na ringi mbovu. Chukua mfano wa mwenye pikapu wa Kombewa, abebaye samaki alfajiri kutoka ufuoni hadi Kisumu. Ametiwa kamshafti ya mbio ili gari lipate nguvu. Siku ya pili injini inagonga na kukosa pumzi. Akishauriwa kubadilisha ringi ilhali vali ndizo zilizopinda, atapoteza fedha, na samaki wataoza. Makala haya yananuia kueleza jinsi fundi wa jua kali anavyoweza kuepuka kosa hilo.

Chanzo cha dosari

Kamshafti ni mhimili wenye nundu zinazofungua vali. Katika injini ya mipigo minne, huzunguka mara moja kila krankshafti izungukapo mara mbili. Nundu za kamshafti ya mbio hufungua vali kwa kina zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Kwa hivyo, nafasi baina ya vali na pistoni hupungua, hasa mwishoni mwa mpigo wa kutoa moshi, pistoni ikiwa karibu na kilele na vali zote mbili zikiwa wazi kidogo. Aidha, springi za awali zikilemewa, vali huchelewa kurudi injini iendapo kasi. Mnyororo wa taimingi nao ukifungwa vibaya, pistoni huweza kuigonga vali.

Hatua za uchunguzi

Kwanza, injini isiwashwe tena. Kagua alama za taimingi, kisha izungushe injini polepole kwa spana. Ikikwama, usiilazimishe.

Pili, pima nafasi za vali, yaani tapeti, injini ikiwa baridi. Vali isiyo na nafasi yoyote huzuiwa kufunga, nayo huvujisha mithili ya iliyopinda. Huenda tiba yake ikawa kurekebisha tu. Kinyume chake, vali moja ikiwa na nafasi kubwa kuliko wenzake, yamkini imepinda na hairudi kitini pake.

Tatu, pima mgandamizo wa kila silinda. Hapa ndipo wengi hukosea: kamshafti ya mbio huweza kushusha mgandamizo wa silinda zote, kwa kuwa vali ya kuingiza hewa huchelewa kufunga. Basi linganisha silinda kwa silinda. Iliyo chini mno itiwe kijiko cha oili, ipimwe tena. Kipimo kikipanda, shuku ringi. Kisipobadilika, shuku vali au gasketi.

Nne, iweke pistoni ya silinda hiyo kwenye kilele cha mgandamizo, uingize hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, kisha usikilize. Mvumo ukitoka kwenye njia ya kuingizia hewa, vali ya kuingiza ndiyo inayovuja. Ukitoka kwenye ekzosi, ni vali ya kutoa moshi. Ukisikika kwenye tundu la kutilia oili, ni ringi. Mapovu kwenye rejeta huashiria gasketi au ufa.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kabla ya kuiwasha injini yenye kamshafti mpya, bandika plastisini juu ya pistoni, funga silinda hedi, zungusha injini kwa mkono mara mbili, kisha fungua upime unene uliobaki. Wajenzi wengi wa injini hutaka takriban milimita 2 kwa vali ya kuingiza na 2.5 kwa ya kutoa moshi. Isitoshe, kamshafti ya mbio aghalabu huhamishia nguvu kwenye kasi kubwa, ilhali pikapu yenye mzigo wa samaki huhitaji nguvu kwenye kasi ndogo. Mwenye gari na aambiwe hayo kabla hajatoa fedha zake.