Fahamu: Beki mzaliwa wa Nairobi aliyevaa jezi ya Australia

Thomas Deng alizaliwa Nairobi mwaka 1997, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita vya Sudan. Akiwa mtoto, familia ilihamia Australia. Huko alianzia Melbourne Victory, akapita Uholanzi kwa mkopo, kisha akatua Japani: Urawa Red Diamonds, halafu Albirex Niigata. Mwaka 2021 alikuwa nahodha wa Australia katika Olimpiki ya Tokyo, na timu hiyo ilianza kwa kuilaza Argentina 2-0. Kwa beki, kutofungwa na Argentina si haba.

Mbona hakuichezea Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya?

FIFA hudai uraia, na katiba ya Kenya hutazama mzazi. Kuzaliwa nchini pekee hakutoshi: lazima baba au mama awe Mkenya. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa Ifo, Hagadera au Dagahaley, kambi za wakimbizi za Dadaab katika kaunti ya Garissa, anaweza kucheza mpira kila jioni kwenye vumbi na bado asiwe na pasipoti ya kusafiria na timu.

Hata Wakenya halisi wa eneo hilo wameonja adha hiyo. Wapo waliojiandikisha kambini enzi za ukame ili wapate chakula, kisha wakanyimwa kitambulisho kwa kuhesabiwa wakimbizi. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kufuta uchunguzi wa ziada kwa wakazi wa eneo hilo wanaoomba vitambulisho. Klabu ikitaka kumsajili mchezaji, inaweza kumdai kitambulisho hicho.