Fahamu: Mgeni anapokarabati nyumba ya mawe Lamu

Kwa miongo kadhaa, wageni, wengi wao kutoka Ulaya, wamekuwa wakichukua nyumba za kale mjini Lamu na katika kijiji jirani cha Shela ili kuzifanya makazi ya likizo. Hawawezi kuzimiliki milele. Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa asiye raia haki ya kukodi ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99.

Kazi yenyewe huanzia ukutani. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikiliwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwani upana hufuata urefu wa boriti. Chokaa huacha unyevu utoke. Mwenye haraka akipaka saruji, unyevu na chumvi hunaswa ndani, na baada ya muda plasta hubanduka. Huo ni uharibifu, hata ukiitwa ukarabati.

Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, hivyo si kila badiliko huruhusiwa. Vichochoro navyo ni vyembamba: mchanga na mawe hubebwa na punda.

Samani? Hazihitajiki nyingi. Vidaka vya ukutani tayari ni makabati, na maseremala wa Lamu wanajua kuchonga.

Kabla ya kuchagua kitanda, tafuta fundi wa chokaa.