Alama za mtandao zimejaa, mbona intaneti haifunguki?

Simu inaonyesha alama za mtandao zimejaa na bando lipo, lakini picha haifunguki na ujumbe hauendi. Wengi huilaumu simu. Leo tunafuatilia safari ya ujumbe wako, ili ujue tatizo liko wapi kabla hujampelekea fundi pesa.

Hewani ni kipande kifupi tu

Simu na mnara huwasiliana kwa mawimbi ya redio, kama yanayokuletea matangazo yetu. Tofauti ni kwamba redio hupokea tu, ilhali simu hupokea na kurusha. Zile alama hupima nguvu ya mawimbi kati ya simu na mnara, basi. Kilima, miti minene na paa la bati huyadhoofisha, ndiyo maana ukitoka nje hali huwa afadhali. Tena watu wote wa eneo hugawana uwezo wa mnara mmoja. Siku ya gulio alama zinaweza kujaa, lakini intaneti ikaenda kwa kusuasua.

Baada ya mnara

Mnara nao lazima uunganishwe na dunia. Mingine hurushiana mawimbi kwa vile visahani vya duara vinavyofanana na ngoma. Mingine ina mkongo uliofukiwa ardhini, wenye nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na ujumbe hupita humo kama mwanga. Mkongo hubeba mengi kuliko hewa, lakini jembe moja linaweza kuukata. Kabla ya kuchimba mtaro kando ya barabara, ulizeni ofisi ya kijiji. Na anayeukata akidhani ni shaba ya kuuza, ndani atakuta kioo.

Shuleni au zahanati yenye waifai, mpango ni uleule: mara nyingi waya huleta intaneti hadi kwenye ruta, kisha ruta huirusha hewani kwa makumi ya mita. Kompyuta iliyochomekwa waya haisumbuliwi na kuta.

Mkongo wa baharini

Mkongo wa SEACOM ulianza kazi mwaka 2009 ukipitia Mombasa na Dar es Salaam, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, iliyokuwa ghali na ya polepole. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilipata hitilafu, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani. Minara ilikuwa imesimama palepale.

Ufanye nini?

Kwanza, tazama alama. Zikiwa chache, toka nje au panda mahali pa juu. Zikiwa zimejaa, angalia salio la bando, kisha zima simu na kuiwasha.

Pili, muulize jirani. Kama yeye anapata na wewe hupati, tatizo huenda liko kwenye simu au laini yako. Kama wote mmekosa, msihangaike na fundi. Pigeni huduma kwa wateja.

Tatu, kumbuka kwamba kutuma pesa kwa kubonyeza nyota na namba hakupiti kwenye intaneti. Intaneti ikizima wakati unahitaji kulipia dawa au mbegu, jaribu njia hiyo.