Sehemu Ipi ya Simbu Ilifika Kwanza?

Msomaji wa Manyoni ameniuliza swali ambalo halijakauka vijiweni Singida tangu tarehe 15 Septemba 2025. Kijana wetu Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walimaliza marathoni ya dunia kule Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wote wawili. Mbona dhahabu ilikwenda kwa mmoja?

Jibu fupi: katika mbio za barabarani, muda unaotangazwa hupandishwa hadi sekunde kamili, lakini nafasi haipandishwi. Simbu alimtangulia Petros kwa sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42.195, hiyo ni kama shubiri moja. Habari za mapafu, mazoezi na maji ya njiani nawaachia wengine. Mimi nimekuja kwa ajili ya kamera.

Picha yake watangazaji wanaiita "fotofinishi". Neno limewakaa mdomoni, ila halielezi chochote. Nilijaribu "picha ya utepe", likagongana na ule utepe ambao mshindi anaukata kwa kifua. "Picha ya ufa" litamtia hofu mwenye nyumba. Nimetulia kwenye "picha-upenyo", kwa kuwa siri yote imo upenyoni.

Hebu kaa ndani jioni, mlango umefungwa, na kati ya mbao zake pana upenyo usiozidi unene wa njiti ya kiberiti. Nje ng'ombe wanarudi zizini. Ng'ombe humwoni. Unaona pua, kisha pembe, jicho, nundu, mkia, kila kimoja kwa zamu yake. Sasa chukua kila mchirizi uliouona, uubandike kando ya uliotangulia, kama mama anavyoshona mkeka ukili kwa ukili. Mwishowe una ng'ombe mzima ukutani, ila pua yake na mkia wake hukuviona wakati mmoja. Ulichochora ni saa, wala si mahali. Ng'ombe aliyepita mbio anatoka mfupi. Aliyejikokota anatoka mrefu kama basi la Dodoma. Na akisimama pale kucheua, ubavu wake unajaza ukuta mpaka aamue kuondoka.

Kamera ya riadha ndivyo inavyofanya, zaidi ya mara elfu moja kila sekunde, jicho lake likiwa kwenye mstari wa mwisho peke yake. Ndiyo maana nyuma ya wakimbiaji pichani pana weupe mtupu: ni mstari uleule, umeshonwa maelfu ya mara. Ndiyo maana pia kiatu kilichokanyaga mstari huvutika kama ulimi, maana kilitulia chini huku mwili ukiendelea na safari.

Turudi mlangoni. Ng'ombe wa kwanza ametanguliza pembe, wa pili bega. Nani kaingia? Kanuni za riadha zinasema: kiwiliwili. Kanuni ya Kiingereza inataja kiwiliwili, kisha inaanza kuorodhesha visivyohesabika: kichwa, shingo, mikono, miguu. Kwetu neno lenyewe limeshaviacha nje.

Kwenye theluji mambo ni mengine. Mkenya Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, alipoteremka kwa ski kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, saa ilikuwa ikisubiri mwale wa mwanga ukatwe. Mkono ukiukata, umefika; kiatu kikiukata, umefika. Kule mtu anahesabiwa pamoja na vifaa vyake. Naye mwanafalsafa John Locke, katika toleo la mwaka 1694 la kitabu chake kikuu, alisema kinachomfanya mtu kuwa yuleyule ni fahamu yake, hata ikihamia mwili mwingine. Angepewa kazi ya uamuzi Tokyo, nadhani angetazama vichwa. Wazee wetu, wanaosema mtu ni watu, wangemsubiri Simbu mpaka kijiji kizima kifike.

Kwenye picha-upenyo, anayesogeza alama hadi pale kifua kinapoanzia chini ya fulana ni mwamuzi, binadamu kama wewe. Tuseme tu macho yake ni mazuri.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Manyoni, hata kama pua ya Petros ingetangulia, dhahabu ingekuja Singida vilevile. Pua si mtu.